Dhokra: shaba inayosubiwa kwa nyuzi za nta, na namna ya kuinunua India

Ishike sanamu ya dhokra karibu na dirisha uitazame. Tembo, farasi, mpiga ngoma, awe nani, mwili wake wote umezungushiwa nyuzi nyembamba za shaba zilizobanana kama miaa ya ukili. Hakuna aliyezichonga nyuzi hizo kwenye shaba wala kuzibandika baadaye. Zilikuwa nta, zikazungushwa kwa vidole, zikafunikwa udongo, zikaungua, na shaba ikaingia mahali pake. Kila hatua ya kazi hiyo huacha alama kwenye kitu chenyewe, kwa hiyo anayeijua kazi haibiwi dukani. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanzia kwenye udongo.

Kusubu kwa nta, yaani kuyeyusha madini na kuyaingiza mahali nta ilipoungua, ni ufundi wa kale mno katika bara Hindi. Kisanamu cha shaba cha msichana mchezaji kutoka Mohenjo-daro, chenye kimo cha sentimita 10.5 hivi na umri wa takribani miaka 4,500, kilisubiwa kwa njia hiyo. Kilifukuliwa mwaka 1926 na leo kiko Makumbusho ya Taifa, New Delhi. Jina dhokra linatokana na Wadhokra Damar, mafundi waliokuwa wakihama kijiji hadi kijiji na vyombo vyao. Bastar, katika jimbo la Chhattisgarh, mafundi huitwa Ghadwa. Raigarh, jimbo hilohilo, ni Jhara. Adilabad, Telangana, ni Wojari. Bengal Magharibi wako katika vijiji vya Bikna na Dariyapur, na Odisha wanajulikana zaidi upande wa Dhenkanal. Wateja wao wa zamani walikuwa jirani zao wakulima na watu wa misitu, Wagondi, Wamuria, Wasantali, waliohitaji taa, njuga, sanamu za miungu na vibaba vya kupimia mpunga. Vipambo vya mezani vimekuja baadaye, pamoja na watalii.

Kiini cha udongo

Dhokra nyingi ni tupu ndani, na utupu huo hutengenezwa kwanza. Udongo mweusi wa majaruba ya mpunga hupondwa, huchekechwa, kisha hukandwa na mchanga laini na pumba za mpunga. Kipimo kizuri cha kuanzia ni sehemu 2 za udongo, 1 ya mchanga na 1 ya pumba, halafu unarekebisha kwa kuuangalia udongo wenyewe: ukipasuka wakati wa kukauka ongeza mchanga, ukimong'onyoka ongeza udongo. Usizipunguze pumba ili kupata ulaini. Zikiungua huacha vitundu, na gesi hutokea humo.

Finyanga umbo la sanamu bila nakshi yoyote, dogo kuliko sanamu yenyewe kwa milimita 2 au 3 kila upande. Nafasi hiyo ndiyo itakayokuwa shaba. Miguu myembamba, vidole na mikuki havina kiini. Hivyo hufanywa kwa nta tupu. Kausha kivulini siku mbili tatu ndipo utoe juani. Kujua kama kimekauka, kigusishe shavuni: ukihisi ubaridi, maji bado yamo ndani. Maji hayo ndiyo yatakayopasua kalibu, yaani ganda la udongo litakalofunika nta, motoni.

Kiini kikikauka hupakwa tope jembamba la udongo wa mtoni na kinyesi cha ng'ombe, lililochujwa kwa kitambaa, kisha husuguliwa kwa msasa. Bastar huongeza jambo ambalo mgeni huliona kama mchezo: hukisugua kiini chote kwa majani mabichi ya fiwi. Maji ya majani hayo hufunga vumbi, na nta hushika. Ukiruka hatua hii, uzi wa nta utakuwa unateleza na kuachia kila ukifika kwenye kona.

Nta

Hapa ndipo kwenye ufundi, na ndipo fundi anapotumia siku zake nyingi.

Bastar hutumia nta ya nyuki. Huyeyushwa, mara nyingi pamoja na utomvu mkavu wa mti wa sal uitwao dhuna. Mtu wa pwani yetu akitaka kuuelewa afikirie sandarusi. Bengal, ambako nta ya nyuki ni ghali, fundi huweza kutumia dhuna na mafuta ya haradali pasipo nta kabisa. Mchanganyiko wowote ule lazima uchujwe ukiwa wa moto, juu ya maji baridi, kwa kitambaa kizito. Punje moja ya mchanga iliyobaki humo itakuwa tundu kwenye shaba. Dhuna ikizidi, uzi hukatika ukipindwa. Mafuta yakizidi, uzi hulala bapa na mistari hupotea. Jaribu kwa kuuzungusha uzi kwenye kidole kidogo: ukizunguka mara tatu bila kupasuka, na ukibaki mviringo, nta iko sawa.

Nyuzi hukamuliwa kwa pichki, mrija wa mbao wenye kisahani cha shaba kilichotobolewa mwishoni na mti wa kusukumia, unaofanya kazi kama kinu cha tambi. Visahani hubadilishwa kupata uzi wa milimita 1 au 2. Nta ilainishwe kwa jua au karibu na moto, isiyeyuke.

Kabla hujaanza kuzungusha, pima nta yote uliyonayo. Ukimaliza pima iliyobaki. Tofauti yake ndiyo nta iliyo juu ya sanamu, na ndiyo itakayokuambia shaba kiasi gani itahitajika. Wengi husahau hapa, kisha wanakisia.

Anzia chini, uzi ukigusa uzi, ukiubana kwa ncha ya kidole gumba. Pengo ambalo jicho halilioni litajaa udongo, na shaba itatoka na ufa. Jicho la sanamu ni kijidonge cha nta kilichobanwa bapa na kuzungushiwa uzi mmoja. Pua ni nta iliyofinywa. Mkufu ni uzi uliosokotwa mara mbili. Weka bakuli la maji baridi pembeni: sehemu iliyokamilika ikianza kulegea kwa joto la mkono, ichovye. Joto la mchana likizidi, kazi hii hufanywa asubuhi.

Mnunuzi huwa hafikirii kiini kinashikiliwa na nini nta ikishaungua. Kwa kengele au bakuli si tatizo, kwa kuwa kiini kimeungana na kalibu ya nje kupitia mdomo ulio wazi. Tembo aliyefungwa pande zote ni kesi nyingine. Ama fundi huacha tumbo wazi, ama hupitisha misumari midogo ya chuma kwenye nta hadi ndani ya kiini, ama husuka mwili kwa matundu kama jamvi la wavu, na udongo wa nje hushikana na wa ndani kupitia matundu hayo. Yale matundu mazuri unayoyaona kwenye bundi na kobe wa dhokra si urembo tu.

Mwisho, bandika mkia wa nta wenye unene wa kidole kidogo kwenye sehemu nene kuliko zote. Hiyo ndiyo njia ya shaba. Mirija ya hewa mafundi wengi hawaiweki, maana kalibu yenye pumba hupumua yenyewe.

Kufunika

Tabaka la kwanza ndilo linalonakili kila mstari: unga wa mkaa, udongo laini na kinyesi cha ng'ombe, vimesagwa na kuchujwa hadi viwe kama uji mwepesi. Lipake kwa kidole au brashi laini, ukiingiza kila kona, bila kiputo. Likauke kivulini. Mwanafunzi akilitoa juani ili awahi, nta hulainika ndani na nyuzi alizozisuka siku nne hulala chini. Rudia mara mbili au tatu. Juu yake lipake udongo mzito wenye pumba, unene wa sentimita 1 hadi 2, na uache mdomo wa mkia wazi. Vitu vikubwa hufungwa waya wa chuma ndani ya tabaka hili.

Shaba na moto

Madini yenyewe ni shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na karibu yote ni chakavu: sufuria kuukuu, sinia, bomba za maji zilizovunjwa. Shaba hiyo ni nzito takribani mara 8 hadi 9 kuliko nta ya ujazo uleule. Nta ikiwa gramu 120, zidisha kwa 9 upate gramu 1,080, ongeza asilimia 15 kwa ajili ya mkia na kinachopotea motoni: andaa kilo 1 na robo. Ikipungua, sanamu itatoka bila kichwa, na shaba haiongezwi mara ya pili kwa kuwa ya kwanza imeshaganda.

Njia ziko mbili. Ya kwanza, ya kale, inaonekana kwa Jhara na Bengal: vipande vya shaba hutiwa kwenye kikombe cha udongo, kikombe huunganishwa na mdomo wa kalibu na kuzibwa kabisa kwa udongo. Kitu chote huwekwa tanurini kikombe kikiwa chini. Nta huungua na kutokea kwenye udongo unaopumua, shaba huyeyuka chini yake. Ulimi wa moto ukianza kuwa wa kijani, ni dalili kwamba zinki inatoka na shaba imeyeyuka. Fundi hunyanyua kwa koleo ndefu, hupindua juu chini, na shaba hushuka kwenye kalibu ambayo nayo ni nyekundu kwa moto. Ni njia ya busara sana: shaba na kalibu vina joto moja, na hakuna kumimina wazi.

Ya pili ni kuyeyusha shaba peke yake chunguni na kuimimina. Kalibu hupashwa mdomo ukiwa chini ili nta itiririke, halafu huongezewa moto hadi iwe nyekundu ndani na moshi wa nta ukome. Shaba ya njano huyeyuka kati ya nyuzi joto 900 na 940 hivi za Selsiasi. Imimine ikiwa karibu 1,000 au 1,050. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kwa hiyo kila dakika ya ziada motoni ni zinki inayopaa kuwa moshi mweupe. Moshi huo ukivutwa huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Simama upande unakotoka upepo. Koleo, kijiko, ardhi ya kumiminia, vyote viwe vikavu: tone la maji chini ya shaba iliyoyeyuka hulipuka na kuirusha usoni.

Zika kalibu nusu mchangani, mimina kwa mkupuo mmoja bila kusita, uiache ipoe saa kadhaa. Kisha vunja udongo kwa nyundo ndogo, kata mkia, piga tupa, sugua kwa brashi ya waya. Ukwaju uliochemshwa hutoa weusi. Kalibu imevunjika, kwa hiyo sanamu hiyo haitakuwa na pacha.

Makosa husomeka. Vidole vimekosekana: kalibu ilikuwa baridi au nta nyembamba mno. Vitundu vingi kama sifongo: nta haikuungua yote au udongo ulikuwa na unyevu. Majani membamba ya shaba yametokeza pembeni: kalibu ilipasuka. Upande mmoja mnene na mwingine umetoboka: kiini kilihama. Mistari imepotea: tabaka la kwanza lilikuwa zito.

Kukagua kabla ya kulipa

Igeuze. Chini au ndani utafute udongo ulioungua, mweusi au wa kahawia. Kazi nyingi za Bastar huuzwa na kiini chake ndani. Tafuta mahali mkia ulipokatwa na kupigwa tupa. Tafuta makutano ya nyuzi, hasa kwapani na shingoni, ambako mkono wa mtu hauwezi kuficha kwamba ulianza na kuishia.

Kisha tafuta kisichotakiwa kuwapo. Mshono ulionyooka unaopita ubavuni kutoka kichwa hadi mguu ni wa kalibu ya vipande viwili. Ukikuta farasi wawili rafuni wenye kasoro ileile mahali palepale, nta yao ilimiminwa kwenye kalibu ya mpira. Sumaku isishike, ila ikivutwa kidogo mahali pamoja huo ni msumari wa kiini, usiogope. Ikishika mwili mzima, umeshika chuma kilichopakwa rangi. Bastar kuna ufundi mwingine halali wa chuma cheusi kilichofuliwa, ambao wauzaji wa mijini huutupia jina la dhokra. Nao ni mzuri, ila uulipie bei yake. Sanamu nyororo za miungu za Swamimalai, Tamil Nadu, pia ni za nta, lakini ni nzima ndani na hazina nyuzi. Ni ukoo mwingine.

Weusi au ung'avu si kipimo cha umri. Weusi hupakwa. Bakuli na vibaba vichukuliwe kama vipambo: bomba chakavu nyingi zina madini ya risasi yenye sumu, usilie chakula humo.

Pa kununua

Kwa wengi wanaotoka Afrika Mashariki kwenda kutibiwa au kusoma, mji huamua. Delhi, anzia Makumbusho ya Taifa ya Ufundi karibu na Pragati Maidan ili jicho lizoee kazi nzuri. Halafu nenda Central Cottage Industries Emporium, Janpath, ambako bei ni moja na risiti ni ya uhakika. Soko la Dilli Haat la mtaa wa INA, lililofunguliwa 1994, huwapa mafundi vibanda kwa zamu za siku 15, kwa hiyo wa leo si wa mwezi ujao. Uliza muuzaji ametoka kijiji gani na kama anajua pichki ni nini. Mwezi Februari kuna Surajkund Mela, Haryana, nje kidogo ya Delhi. Maduka ya Tribes India, ya shirika la serikali TRIFED, yako miji mingi na yana mauzo ya mtandaoni.

Hyderabad, tazama maduka ya Golkonda ya serikali ya Telangana na kijiji cha ufundi cha Shilparamam. Kolkata ni Biswa Bangla, Bhubaneswar ni Utkalika. Adilabad Dokra na Bengal Dokra zilisajiliwa mwaka 2018 kwa alama ya asili ya kijiografia, na Bastar Dhokra ilitangulia. Alama hiyo inahusu jina na eneo. Ubora wa sanamu bado utaukagua mwenyewe.

Ukiweza, fika kijijini. Kondagaon, Bastar, iko kando ya barabara kuu ya Raipur kwenda Jagdalpur. Bikna iko karibu kabisa na mji wa Bankura. Dariyapur inafikika kutoka stesheni ya Guskara. Ektal iko karibu na Raigarh. Nenda kati ya Novemba na Februari. Juni hadi Septemba ni masika yao, udongo haukauki, na utakuta rafu zina mabaki. Beba rupia taslimu, kwani wenyeji hulipana kwa simu kwa mfumo ambao mara nyingi hautakubali kadi yako.

Kijijini bei huanza kwa kilo, kwa hiyo uliza shaba ni kiasi gani kwa kilo siku hiyo, kisha uliza sanamu ilichukua siku ngapi. Kobe wa wavu wa gramu 300 anaweza kuwa na kazi kubwa kuliko tembo wa kilo 2, na kumbana fundi kwa bei ya mizani hapo ni dhuluma. Kwa Bengal, tafuta kibaba cha kupimia mpunga: umbo lake halikubuniwa kwa mtalii, na ndiyo maana ni nadra kwenye maduka ya viwanja vya ndege.

Sheria ya India ya 1972 inakataza kutoa nje vitu vya kale vyenye umri wa miaka 100 au zaidi. Muuzaji akikuapia kuwa sanamu ni ya babu wa babu yake, ama anakudanganya ama anakutia matatani uwanja wa ndege. Taka risiti iliyoandikwa kuwa ni kazi mpya, na weka vitu kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, pembe na mikuki vimefungwa nguo.

Ikifika nyumbani

Hewa ya chumvi ya Mombasa au Unguja huitia shaba kutu ya kijani haraka, na kiini cha udongo hunyonya maji na kuyatunza. Usiiloweke. Futa vumbi kwa brashi kavu, paka nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa mara mbili kwa mwaka. Doa la kijani lisugue kwa limau au ukwaju kwenye pamba, lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha iache sanamu juani saa moja, tumbo juu, kabla ya kuirudisha kabatini.